Swichi Isiyoandikwa Popote

Jina la Pilipili alipewa na baba yake, maana hasira za binti huyo hazikuwahi kubisha hodi. Alikuwa fundi wa kompyuta. Baba, mwalimu mstaafu, alikuwa amepoteza macho, na sasa magazeti alisomewa na kompyuta, kwa programu huria ambayo yeyote anaweza kuchukua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, kuiunda kwenye mashine yake na kuitumia bure.

Asubuhi moja Pilipili akachukua toleo jipya la programu hiyo, akaliunda kwenye kompyuta ya baba. Kiingereza lilisoma vizuri tu. Kiswahili, kimya, jii.

"Mwanangu, na masikio nayo umeninyang'anya?" baba akatania.

Utani ule ulimchoma. Kutwa akapekua msimbo, chai ikimpolea mezani, mpaka akang'amua: sauti ya Kiswahili ilikuwa imefanywa jambo la hiari. Usipoiwasha unapounda programu, haiingii. Na swichi ya kuiwasha, neno moja tu la amri, haikuandikwa popote kwenye maelezo ya programu.

Akampigia msimamizi wa programu, mtu aliyemfahamu kwa mikutano ya mtandaoni tu.

"Ndugu yangu, mbona hamkuliandika hili?"

"Liko kwenye msimbo, dada. Anayelitaka atalitafuta."

"Atatafutaje kitu asichojua kama kipo?"

"Sisi tunajitolea. Hatulipwi kuandika maelezo."

"Na mimi nalipwa na nani?" Akakata simu.

Akakaa akaandika maelezo mwenyewe. Kila swichi aliijaribu kwanza, akaeleza inaongeza nini na ukiiacha unakosa nini. Msimamizi akaupokea ukurasa, ila akafyeka yote yaliyohusu kukosa. Eti yanaichafulia programu jina.

Hapo Pilipili akawaka. Akamjibu hadharani mtandaoni, mbele ya wachangiaji wote wa programu hiyo: "Mnaona haya kuandika kwamba mzee hatasikia, ila kumnyima sauti hamwoni haya!"

Mchangiaji mmoja akasema mashine za shule yao zilikuwa bubu tangu toleo hilo, wakadhani spika zimekufa. Wengine wakamuunga mkono. Jioni maneno yote yaliyofyekwa yalirudishwa, kimyakimya.

"Amekuomba radhi?" baba akauliza.

"Thubutu!"

"Basi endelea kukasirika, mama, lakini kula kwanza."

Akala, akitafuna kama anayemtafuna mtu. Mkono wa pili ulikuwa umeshafungua programu nyingine, kuona nayo imeficha nini.