Majani Aliyofagia Susu

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, na mama alikuwa ameachishwa kazi. Aliniambia bila kunitazama kwamba kama shamba la nyuma ya nyumba halitatulisha mpaka shule zifungwe, tutahama mjini turudi Mwala kwa susu, nyanya yangu. Huko hakukuwa na sekondari karibu. Nilikuwa kidato cha pili, na nilijua maana yake.

Shamba lenyewe ni mistari mitatu ya sukuma wiki kati ya choo na kamba ya nguo. Mwalimu wa kilimo alitufunza kufunika udongo na majani makavu ili unyevu usitoroke. Wiki nzima niliokota majani kando ya barabara, gunia kichwani, wasichana wa ploti, majirani zetu wa nyumba za kupanga, wakiulizana natafutia mbuzi gani na kwetu hakuna hata kuku. Lakini sukuma zilisimama. Ukiingiza kidole chini ya majani, ulisikia baridi.

Kisha susu akaja kututembelea. Kwake, boma lisilofagiwa ni la wavivu, na hanywi chai kabla ya kufagia. Asubuhi, nikiwa tayari na yunifomu, nilimwona dirishani ameinama na ufagio, anaelekea kwenye mistari. Nilifungua mdomo. Sasa mimi nimwambie susu nini? Nikajidanganya ataishia kwenye kamba ya nguo, nikaenda shule.

Niliporudi, udongo ulikuwa uchi, umechorwa na ufagio vizuri kabisa. Kando, jivu la majani yangu.

"Nimewasafishia," susu akasema kwa furaha. "Mlikuwa mnakaa kwa takataka kama watu hawana mtu."

Nikasema asante. Kweli, nilisema asante.

Jua halikungoja. Maji ya kuoshea vyombo niliyomwaga yalikauka kabla sijarudisha karai. Siku ya tano sukuma zililala chini, na susu akashika jani moja akashangaa limepatwa na nini. Ndipo nikamwambia, nikiangalia miguu yangu, kwamba ile takataka ndiyo ilikuwa inashika maji.

Aliliachilia lile jani.

"Na uliniona nikifagia?"

"Nilikuona, susu."

"Si ungesema, mwanangu."

Kesho yake hakufagia, na chai yake ilipoa mezani. Mama alikuwa anafunga sufuria za safari ya Mwala. Aliniambia nimletee yale magunia yangu ya majani, nikaenda kuyakung'uta.