Kadi Iliyopulizwa Jumamosi

Kwanza ijulikane kwamba Molly Apiyo hakuharibu seva. Lazima hilo liandikwe hapa juu kabisa, kwa sababu siku ile kiwanda kizima, kuanzia askari wa lango mpaka wapishi wa kantini, kilikuwa kimeshaambiwa kwamba ni yeye, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

Kiwanda chenyewe ni cha majani chai, kiko upande wa juu wa Kimulot, na jina lake tuliache. Molly alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, baba yake Joab akiwa amekuja kutoka upande wa ziwa kuchochea moto wa boila. Alisomea kompyuta Kericho mjini, akaandikwa kazi hapa, na sasa huu ni mwaka wake wa tisa. Kwenye karatasi, kazi yake ni kutunza seva, ile kompyuta kubwa inayopokea uzito wa majani kutoka kwa mizani za vituoni ambako wakulima huyaleta. Kwa kweli kazi yake ni kila kitu chenye waya. Printa ikikwama, Molly. Simu ya meneja ikijaa picha, Molly. Televisheni ya kantini ikikataa kuonyesha mpira, Molly atafutwe popote alipo. Asante huisikia kwa nadra, lakini lawama humfikia kabla hajavua koti.

Jumanne hiyo lawama ilikuja ndani ya bahasha. Tangu Jumatatu asubuhi, majani yalipoanza kupokelewa tena baada ya wikendi, uzito ulikuwa ukifika nusunusu, mara unakatika kabisa, na meneja, Bwana Alexander, alikuwa na sheria yake: lori lisipakuliwe mpaka uzito wake uonekane kwenye seva. Malori manne yalikuwa yamesimama uwanjani, majani yakishika joto ndani ya magunia. Majani yakikaa hivyo hugeuka mekundu, na mekundu hutupwa. Barua ilimtaka Molly ajieleze kwa maandishi kabla ya saa nane mchana, kwa nini asifutwe kazi kwa uzembe.

"Lakini sir, hata sijamaliza kuangalia," alisema.

"Kuangalia nini? Nimeona na macho yangu, hiyo taa ya kebo ni green. Kama taa ni green, kebo iko sawa, mashine iko sawa. Imebaki wewe."

Imebaki wewe! Mtu mzima, ana ofisi yenye zulia, na hajui kwamba ile taa husema tu kuwa kebo imempata mwenzake wa upande wa pili. Haisemi kama kinachopita kinafika kizima. Molly alifungua kinywa amweleze, lakini meneja alikuwa ameshampa mgongo.

Basi akafanya kazi na hasira zake. Aliiambia seva imhesabie pakiti, vile vifurushi vya taarifa, zilizofika zikiwa zimeharibika, na hesabu ikapanda kwa maelfu huku akiitazama. Akabadilisha kebo. Hesabu ikaendelea kupanda. Akahamisha kebo kwenye tundu jingine la swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachokutanisha kebo zote. Bado. Kilichobaki kilikuwa kadi ya mtandao yenyewe, ile inayoiunganisha seva na kebo. Akazima seva, akafungua kifuniko, na nusura alie kwa uchungu.

Ndani kulikuwa na tope la chai. Lile vumbi jepesi la chumba cha kuchambulia, ambalo huruka likatua kila mahali, lilikuwa limelowa na kukaukia juu ya kadi, mpaka kwenye meno yake ya shaba. Vumbi peke yake Molly alilizoea, kila mwezi alilifuta kwa brashi. Lakini maji yalitoka wapi?

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa gambuti. Kiptum, nyapara wa chumba cha kuchambulia, alisimama mlangoni akavua kofia.

"Madam, hiyo ni sisi," alisema. "Jumamosi. Wageni wa kukagua usafi walikuwa wanakuja Jumatatu, na unajua sisi tukingoja wageni tunapuliza mashine zote na upepo wa kompresa. Meneja akafungua hapa na funguo yake, akasema tupulize hii pia. Nilimwambia hiyo ni ya Molly, tungoje. Akasema nisimfundishe kazi."

"Na tangazo langu? Niliandika hapa mlangoni, msipulize!"

"Alibandua. Alisema karatasi kwa ukuta ni uchafu."

Na kompresa, katika baridi ya huku, hujaa maji tumboni asipokuwapo wa kuyamwaga. Molly aliyajua hayo. Meneja hakuyajua wala hakuuliza, na bado ndiye aliyeandika neno uzembe.

Tundu la kebo ambalo seva ilitengenezwa nalo lilikuwa limeuawa na radi zamani, na kadi ya akiba Molly alikuwa ameiomba mara tatu, akajibiwa angoje. Alikwenda stoo, akang'oa kadi kwenye kompyuta iliyostaafu, akaipachika. Seva ilipowaka haikupokea chochote, maana mipangilio yake ilikuwa bado inaitafuta kadi ya zamani. Akaandika jina la kadi mpya, akaipa anwani ileile, akajaribu kuita mizani. Zikaitika zote. Pakiti mbovu: sufuri. Saa saba na robo lori la kwanza lilianza kupakuliwa.

Meneja alikuja akitabasamu.

"Umeona sasa? Andika tu kwamba ulisahau kitu kidogo, uombe msamaha, tufunge hii maneno. Kazi yako utabaki nayo."

Molly alienda kuandika ukurasa mmoja: nani alifungua mlango, nani alibandua tangazo, na saa ambayo seva yenyewe iliandika kwamba kadi imeanza kukatika, Jumamosi saa nne na dakika arobaini. Kiptum akatia sahihi chini, ingawa naye ana kazi ya kupoteza. Nakala ya pili iliandikiwa wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima, ambao ndio wakubwa wa meneja.

Bwana Alexander aliusoma ukurasa huo mara mbili. Tabasamu likaisha.

"Sawa, Molly. Hiyo barua yangu isahau. Nimeifuta."

"Umeifuta kwa mdomo, sir. Uliniandikia kwa karatasi, na kiwanda chote kimeisoma. Niandikie kwa karatasi."

"Hii nakala ya wakurugenzi itaenda?"

"Hiyo itategemea nitakachosoma."

Meneja akamwita Beverly, karani wake, akamsomea maneno ya kuchapa. Molly aliisoma barua akiwa amesimama. Ilisema tatizo lilitokana na makosa ya pande zote mbili. Akairudisha mezani.

"Upande wangu ulikosea nini?"

Meneja alitazama dirishani, ambako lori la tatu lilikuwa linapakuliwa. Beverly aliweka vidole juu ya kibodi.

"Andika," meneja alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "kwamba Molly Apiyo hakuwa na kosa."

"Na aliyekuwa nalo, niandike nani?" Beverly aliuliza.