Shati la Ngabu

Jana ulipokuja kuniomba shati jeupe la zamani, mwanangu, la kwenda kupakwa matope, ulicheka sana. Mimi sikucheka, nawe ukadhani shangazi yako amezeeka vibaya. La. Nilikuwa nimekumbuka siku moja, na siku hiyo inanikaa kooni hadi leo.

Nilikuwa mwanafunzi mpya, bleu kama wewe, hapa hapa Bunia. Nilipanga chumba mtaa wa Rwambuzi kwa mzee Kasimiri, mwalimu mstaafu, mkali wa mdomo tu. Chumba cha pili alipanga Ngabu, kijana mpole wa Kpandroma. Baba yake alikuwa mtu wa Djugu, na vita vya makabila vilikuwa vimemuua. Mama yake alikuwa wa kwetu Mahagi, na wakati huo alikuwa amekimbilia Uganda. Ngabu aliisema lugha yetu vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Alikuwa akinisahihisha, nami nikinuna.

Wanafunzi wa kwetu walikuwa na umoja wao, mutuelle, kama huu unaokuita wewe sasa. Usidhani nauchukia. Umoja ni nguvu, hilo sibishani nalo. Mgeni akishuka mjini na godoro kichwani, mutuelle ndiyo inayompokea. Akifiwa, inalia naye. Akilazwa hospitali, wenzake wanapokezana kumpikia na kumtolea damu. Kila bleu hupewa mkubwa wake, parrain, wa kumlea mwaka mzima. Na ubatizo wetu, sherehe ya kumwingiza bleu kwenye umoja, ulikuwa na sheria moja: shati lililopakwa matope hulifui mwenyewe. Parrain ndiye analifua, mbele ya watu wote, na tangu hapo wewe ni ndugu yake.

Tukabatizwa, mimi na Ngabu, tumepiga magoti bega kwa bega. Walitupaka udongo mwekundu, tukaimba hadi sauti zikakauka. Yeye aliimba kwa furaha kutushinda sote, maskini. Ulipofika wakati wa kugawiwa parrain, prezida wetu, kijana aliyeitwa Uringi, akamruka. Ngabu akauliza mbona amesahauliwa.

"Weye baba yako ni wa kule Djugu," Uringi alimjibu. "Siye kwetu mutoto ni wa baba."

Sasa, kama walilijua hilo, kwa nini walimpigisha magoti? Walitaka kucheka, mwanangu, basi. Ngabu alirudi nyumbani, akalitundika shati lake kwenye msumari na matope yake. Aliniambia hatalifua, kwa sababu iko siku watabadili mawazo. Kila nilipopita mlangoni pake niliona udongo umedondoka sakafuni, na shati bado liko palepale.

Kabla mvua hazijaisha, malaria ikamwangusha. Daktari akasema damu imemwishia, itafutwe upesi. Yangu ilipimwa, haikupatana na yake. Mzee Kasimiri alikuwa safarini Boga, kwa binti yake. Nikakimbia kwa Uringi, nikamkuta na kamati yake wanapanga sherehe.

"Prezida, Ngabu iko anakufa," nilimwambia. "Munganga anaomba damu."

Alinitazama, na usoni pake niliona woga zaidi ya ubaya. Vita vilikuwa vimetufundisha kuogopa hata majina ya watu.

"Hata miye namuhurumia," alisema. "Lakini nikitoa damu ya batoto ba kwetu kwa mutu wa kule, bazee batanikula muzima. Aende ku mutuelle ya baba yake."

Mutuelle ya baba yake! Vijana wote wa kule walikuwa wameshaukimbia mji kwa sababu ya vita, na Uringi alijua. Damu ni nzito kuliko maji, husema wahenga. Siku ile niliiona ni nzito hata ikashindwa kutoka.

Ngabu alikufa kesho yake mchana, mkono wake uko mkononi mwangu. Namlilia mpaka leo na sioni haya kusema.

Mzee Kasimiri aliporudi kutoka Boga tulikuwa hatujamzika. Nilimweleza yote. Aliingia chumbani mwa Ngabu, akalichukua lile shati, akaniambia nimfuate. Mutuelle ilikuwa imekutana kujadili kama itakwenda msibani au la. Wote walisimama alipoingia, maana mzee huyu ndiye aliyeianzisha pamoja na wenzake, enzi za ujana wao. Aliliweka shati mezani.

"Nani alipaka hii udongo?"

Uringi akasema, "Ni siye, muzee."

"Tulianzisha hii mutuelle juu mwenzetu mumoja alikufa hapa Bunia bila mutu wa kumupa maji. Juu ya ile tu. Munganga aliomba damu, hakuuliza ya baba ao ya mama. Sasa mulete maji."

Wakaleta beseni. Uringi alifua, akilia kwa sauti kama mtoto, na kila maji yalipobadilishwa yalitoka mekundu. Majuto ni mjukuu. Tulimzika Ngabu na shati hilo likiwa bado bichi, kwa kuwa jua halikutoka siku ile. Mutuelle ilibeba jeneza, na ilibeba vizuri. Kubeba maiti tulijua.

Basi nakuusia, mwanangu. Ingia mutuelle, maana mji huu si wa kuishi peke yako. Lakini siku ya ubatizo angalia ni nani anayerukwa. Aliyepiga magoti pamoja nawe na kupakwa udongo mmoja nawe, huyo ni wako, baba yake awe wa wapi. Wakikukataza kumtolea damu, mtolee, kisha utoke humo, hata wakuite msaliti. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yaliyobaki ni nyimbo tu, na nyimbo hata wauaji wanazo.

Shati nimekutafutia, liko kwenye kamba. Mungu akupe parrain mwenye mikono ya kufua. Na wewe akujalie kulifua shati la mwenzio angali hai.