Kitanda cha Mayu na Mtu wa Bima

Hapa Bariadi watu huniuliza mambo ya bima kana kwamba mimi ni wakala. Sababu ni kwamba mtaani kwetu ni mimi tu niliyewahi kulipwa, na mimi nikipata jambo sikai nalo kimya. Huwa nawaambia, kabla hujashangilia malipo, uliza vitu vilivyoharibika vinabaki kwa nani. Uliza mapema, tena uulize kwa sauti. Mengine watakueleza wenyewe bila kuulizwa.

Nyumba yangu niliikatia bima kwa sababu benki ililazimisha. Bila hivyo mkopo wa duka nisingeupata. Nilisaini huku nanung'unika, nyumba pamoja na vilivyomo. Kisha mvua za kwanza zikaja na upepo wake, ukaezua bati upande wa nyuma, kenchi ikakatika na kuangukia chumba cha mama yangu. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa jikoni anachambua mboga. Godoro na kabati viliharibika, lakini kilichoumia zaidi ni kitanda chake. Ubao wa kichwani ulipasuka katikati, tendegu moja likang'oka, na chaga zikawa vipande vipande.

Kitanda hicho alikitengeneza baba. Baba alikuwa mkulima wa pamba kule Ipililo, na useremala alijifunza kwa kuangalia tu. Msimu mmoja pamba ilimkubali, akanunua mbao za mninga badala ya ng'ombe. Ukoo mzima ulimcheka, maana kwa Msukuma hela ya pamba isipogeuka ng'ombe ni sawa na kuitupa. Yeye akasema mke wake hatazalia chini. Watoto wake wote tulizaliwa juu ya kitanda hicho, na baba mwenyewe akafia hapo hapo. Nilipomhamishia mama mjini alikubali kuacha shamba, akakubali kuacha na kuku. Kuhusu kitanda alisema kitangulie, yeye atakifuata.

Mkadiria hasara wa kampuni alikuja mimi nikiwa dukani. Kijana wa Mwanza, shati limenyooka, simu mkononi ya kupigia picha. Mama akampokea peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya. Alidhani ni mgeni wa kutoa pole. Kwetu jambo likikupata, anayekuja unampa kiti na maji, unamsimulia hasara yako tangu mwanzo, na huachi kitu. Ukificha ni kama unamwambia hukumhitaji. Basi mama akasimulia. Akamshika mkono hadi chumbani, akamwonyesha kitanda, akasema, "Na hiki cha marehemu nacho kimekufa." Akalia. Kijana akasema, "Pole, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akapiga picha. Jioni mama akanisifia kwamba kumekuja mtoto wa watu mwenye adabu sana.

Kampuni ikalipa, tena nisiseme uongo, ililipa vizuri. Kitanda walikihesabu kuwa kimekufa kabisa, kama mama alivyosema, wakalipa bei ya kitanda kipya cha mninga. Nikapanga ninunue friji ya duka, niuze soda za baridi kama wenzangu. Siku si nyingi yule kijana akanipigia simu kwamba anakuja na gari kuchukua mabaki.

"Mabaki yapi?"

"Vitu vyote tulivyovilipa, dada. Godoro, kabati, kitanda. Tukishakulipa bei yote ya kitu, kilichobaki kinakuwa mali ya kampuni. Tunakwenda kukiuza."

Presha ilinipanda. Nilimtolea uvivu kwenye simu, nikamwambia godoro na kabati achukue hata leo, ila kitanda asikiguse. Akasema kwa upole kwamba nilisaini. Kweli nilisaini. Nikamfuata mama, nikamweleza moja kwa moja, kwa sababu sijui kuzunguka mbuyu. Alikwenda kuketi sakafuni kando ya zile mbao, na chakula cha siku hiyo hakukigusa. Mama yangu akigomba nimezoea. Akinyamaza namwogopa.

Mimi si mtu wa kukaa nalia. Nilimtafuta wakala aliyenikatia bima, nikambana mpaka akanifungukia. Kumbe mwenye mali anaweza kuomba abaki na mabaki yake. Kampuni inayakadiria thamani, na wewe unairudishia kiasi hicho. Nililala vizuri.

Asubuhi gari likafika na wabebaji. Kijana akaingia, akainama kidogo. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," mama akaitikia bila kuinuka. "Umekuja kumchukua mume wangu."

Kijana akakosa pa kuweka macho. Nikaingilia kati, nikamwambia kitanda nakihitaji, anitajie thamani ya mabaki nimrudishie, tumalizane. Alifurahi kuliko mimi. "Hilo linawezekana kabisa, dada. Na nitawasaidia. Kimevunjika hiki, sokoni ni kuni tu. Nitaandika bei ya kuni. Ni hela ndogo mno."

Nikashusha pumzi, nikafungua pochi.

"Umesema kuni?" Mama sasa alikuwa amesimama.

"Ni makaratasi tu, mayu. Ni faida yenu."

"Njoo hapa, ng'wanone, mwanangu." Akamkamata mkono, akauweka juu ya ubao wa ubavuni. "Umepasuka huu?"

"Haujapasuka."

"Na wa upande ule?"

"Mzima."

"Matendegu matatu yamesimama. Fundi akiweka moja na ubao wa kichwani, mtu analala. Andika bei ya kitanda."

Kijana akaniangalia mimi. Nikavuta kitenge cha mama, nikamnong'oneza anyamaze, nilipe hiyo ya kuni, kitanda kibaki, watu waondoke. Akautoa mkono wangu. Kijana, kwa kumridhisha, akataja bei iliyopanda kidogo. Mama akatikisa kichwa. Kijana akapandisha tena. Mama akasema huo bado ni mzigo wa kuni, labda kuni kavu. Nimefanya biashara miaka yote hii na sijawahi kuona mtu anayelipa ndiye anayepandisha bei. Wabebaji walikuwa wanacheka, wakaacha. Mimi nilikuwa naiona friji yangu inaondoka kipande kwa kipande, na nilikasirika, sitajifanya mtu mwema.

"Mayu, unagombania nini?" nikamwambia mbele ya wageni. "Kitanda ni chako, kinabaki humu humu ndani. Wakikiita kuni kinapungua nini?"

Aliniangalia bila hasira yoyote. Nilitamani angegomba.

"Leo wakikiita kuni, na wewe ukailipa bei ya kuni, umekubali," alisema. "Mimi nitakufa. Watu watalala hapo nje kwenye msiba wangu, watataka moto, watakuuliza kuni ziko wapi. Utawaonyesha hiki."

Nilifungua mdomo nimkatalie. Halafu nikajiona siku hiyo ilivyo, nyumba imejaa watu, baridi ya alfajiri, nimechoka, mtu ananiuliza, na mimi bila kufikiri nanyoosha kidole kule chumbani kwake.

Ningewaonyesha.

Nikamwambia kijana aandike bei ya kitanda, nikalipa yote.