Maiti wa Kwenye Kanda

Wajukuu wananisumbua niandike kisa hiki, kana kwamba kuandika msiba ni kuchambua maharagwe. Haya basi.

Nilikuwa kwenye duka moja hapa Kakamega nikingoja kupimiwa sukari. Duka hilo hukodisha pia kanda za video. Mwanamume wa shati la ofisi alikuwa ameegemea kaunta, akimtajia mwenye duka kanda anazozipenda.

"Ya kwanza ni ile ya wafu wanaamka mochari. Hiyo naangalianga nikikula ugali. Ya pili, ile nyumba inameza watu. Za mapenzi usinipe, hizo ni za waoga."

Dada yake akaingia, macho mekundu.

"Kaka, gari la kubeba maiti liko mochari. Wanataka kifungua mimba amtambue baba, tumpeleke nyumbani Butali tukamzike."

Mwanamume akaivuta kanda karibu naye. "Enda wewe."

"Mimi ni mtoto wa kike. Hiyo kazi ni yako."

"Siwezi kumwona vile ako," akasema, akigeukia ukuta.

Dada akaenda peke yake. Nasikia alimtambua baba, akamvisha suti, akamfunga tai pia.

Simcheki anayeogopa maiti. Hata mimi naogopa. Namcheka aliyepimia ushujaa wake kwa maiti wa kanda, wanaozimwa kwa kidole.

Baada ya mazishi wazee waliamua yule kaka ampe dada yake ng'ombe, faini ya kumwachia kazi yake. Hakuwa na ng'ombe. Akatoa televisheni na mashine yake ya video. Dada amezifunika kwa kitambaa, na hajaziwasha hata siku moja.