Fahirisi Isiyosomeka na Parachichi za Mama Mkwe

Mimi siogopi mbwa wala radi. Naogopa mashine ikinyamaza. Woga huo niliupata Makambako, kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia parachichi, siku nilipofuta programu ya zamani kabla ya kujua kama mpya itakubali kuingia.

Kompyuta inayoongoza mitambo ya baridi pale ni kikongwe, inatumia mfumo wa Linux wa zamani sana. Intaneti nayo ni ya kubahatisha. Kwa hiyo mazoea yangu yalikuwa haya: napakua programu ofisini Njombe, nazipanga kwenye diski kama ghala, laptopu inatengeneza fahirisi ya kueleza ghalani kuna nini, kisha naibeba diski hadi Makambako. Miaka yote ilikubali. Safari hii laptopu ilikuwa mpya.

Nikafuta ya zamani ili nafasi ipatikane, nikachomeka diski. Kikongwe kikajibu kwamba hakioni kitu. Nikarudia. Wapi! Programu zilikuwemo, nilikuwa naziona kwa macho yangu, ila laptopu mpya ilikuwa imeibana fahirisi kwa mtindo mpya, na kile kizee hakikujua kuifungua. Mitambo, kwa kukosa wa kuiongoza, ikazima mmoja baada ya mwingine. Jamani, kile kimya!

Humo ndani kulikuwa na mavuno yote ya mama mkwe wangu. Parachichi za kwenda ng'ambo zikipata joto zinalainika, na mnunuzi akibonyeza moja ikabonyea, anakataa mzigo mzima. Tena yule mama alikuwa amewashawishi majirani zake wa Wanging'ombe walete na zao. "Mkwe wangu ndiye aliyemo humo," aliwaambia. Mwenyewe alikuwa nje, ameketi chini juu ya khanga, karibu na mlango. Kwao mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala kugusana. Asubuhi tulisalimiana "kamwene" kila mtu akiangalia upande wake.

Nikampigia mke wangu aliyekuwa ofisini Njombe, nilikoiacha laptopu pamoja na nakala ya lile ghala.

"Mama yupo hapo?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Yupo. Usinitie wazimu, fanya ninachokwambia."

"Wazimu umeshaingia, baba. Haya, sema."

Nikamwelekeza neno kwa neno atengeneze fahirisi upya kwa mtindo wa kale, anitumie hiyo tu. Ni faili dogo, hata mtandao wa kuchechemea ungelileta. Kipimajoto kilikuwa kinapanda. Nikasikia sauti za wanawake nje, wale majirani wenye mzigo, nikajua wamekuja kuniuliza. Nikakosea nywila. Naapa, kungekuwa na dirisha ningetoroka nikaacha hata viatu. Mtu mzima mimi, nikaanza kusali kwa sauti.

Lakini hakuna aliyeingia.

Faili likafika kwenye simu, nikalihamishia kwenye diski. Kikongwe kikaisoma fahirisi, kikaanza kuingiza programu. Mtambo wa kwanza ulipokoroma nilikaa sakafuni nikalia. Joto lilikuwa halijafika pabaya.

Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kizingiti chenyewe, amenyoosha miguu kuziba njia yote, uso ameuelekeza barabarani.

"Zimewaka, baba?"

"Zimewaka, mama." Nikajitia kutojua. "Kwani ulisikia zimezima?"

"Eh! Mimi si kiziwi. Wenzangu walitaka kuingia wakakubane maswali. Nikasogea hapa mlangoni nikawaambia, anayetaka kupita anivuke."

Nani angethubutu kumvuka mama mtu mzima kama yule? Muda wote nilimwogopa yeye kuliko wote, kumbe ndiye aliyekuwa ananilinda.

"Sasa, baba," akasema, bado anatazama barabarani, "miguu imekufa ganzi. Niitie mtu aje kuniinua."