Wikendi Niliyoitabiria Jua

Kwa zaidi ya miaka kumi nilisoma hali ya hewa kwenye redio moja ndogo ya Goma, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Wenzangu walidhani nasoma karatasi ya uwanja wa ndege. Karatasi hiyo, siku ilipofika, ilikuwa ya juzi. Mimi nilipiga simu, hasa kwa mama yangu mdogo, anayekausha samaki Vitshumbi, kando ya ziwa, mbali kaskazini ya mji. Mtu aliyeanika mali yake yote nje haongei ovyo kuhusu mawingu. Madereva wa pikipiki wa mtaa wa Birere waliniita Mama Mvua, na nilipopita bila kuwaambia kitu walinung'unika.

Mwaka mmoja wa vita, mwisho wa kiangazi, mvua zilirudi kwa fujo. Wiki nzima ilikuwa dhoruba, na Alhamisi ikaanguka mvua ya mawe. Katika kambi ya wakimbizi, kule juu ya mawe ya volkano, maji yalipita katikati ya vibanda. Ijumaa asubuhi mama mmoja wa kambi akaja redioni kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni, viatu mkononi visiharibiwe na tope. Akina mama wenzake ndio waliomtuma. Walitaka kuhamisha vibanda vyote kutoka kwenye njia ya maji na kushona maturubai yaliyotoboka. Kazi hiyo ni ya siku mbili, na kwa siku mbili hizo watu wote watakuwa hawana paa. Wiki ile ile walikuwa wamezika mtoto aliyeugua kifua kwa sababu ya kulala kwenye maji.

"Hatuombe unabii, Mama," aliniambia. "Utuambie tu: tubomole ao tusibomole?"

Kabla sijamjibu, ngurumo zikasikika tena kutoka kaskazini, kama zilivyokuwa zikisikika tangu alfajiri. Mkurugenzi wetu akaingia na maandishi yake tayari: dhoruba Jumamosi, dhoruba Jumapili. Ngurumo alikuwa amezisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kosa hilo tunalifanya sisi watu wa Goma. Radi ikipiga, watoto wetu hujificha chini ya kitanda. Bomu likilia mbali, mama anakimbia kuanua nguo. Nami asubuhi ile, Mama Mvua mzima, nilikuwa nimeanua mashuka yangu yote pale nyumbani Murara.

Nikatoka uani. Mlima wa volkano ulionekana wote, moshi wake umesimama wima, na upande wa kaskazini hapakuwa na wingu hata moja. Nikampigia mama mdogo, ambaye alikuwa ng'ambo ya pili ya kelele zile. Akaniambia ziwa limetulia na mitumbwi yote imetoka. Nikamuuliza kama anaona chochote kibaya upande wetu.

"Hakuna wingu, mutoto yangu," akasema. "Miye nimeanika yote, kwa siku tatu. Kisha mvua itarudi."

Basi nikajua zile ngurumo ni nini. Mama wa kambi alijua kabla yangu. Huko kaskazini, kwenye vita, ndiko alikotoka mbio. Mkurugenzi naye akaelewa, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Alisema nikitangaza kwamba hakuna mvua nitakuwa nimeuambia mji mzima kwamba yale ni mabomu, na habari za vita hatutoi bila ruhusa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kufungiwa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Nikamwambia mimi natoa hali ya hewa. Akasema ikinyesha, nisirudi kazini Jumatatu. Nikamjibu kwamba ikinyesha nitashindwa kumtazama huyu mtoto machoni, sembuse yeye.

Saa sita na nusu nikasoma utabiri wa Jumamosi hadi Jumatatu: "Samedi na dimanche ni jua. Hii makelele tunasikia haitaleta maji. Mwenye kutengeneza nyumba atengeneze, mvua itarudi lundi."

Jumamosi sikuweza kukaa nyumbani. Nilipofika kambini kila kibanda kilikuwa wazi. Vitanda vya miti, sufuria, mablanketi, vyote juani. Bibi kizee mmoja alikuwa amekaa kitini katikati ya mawe, amejikinga uso kwa sahani. Wanawake walishona, wanaume walivunja mawe kutafuta mahali pa kusimamisha nguzo. Kule kaskazini kuliendelea kulia, na hakuna aliyeinua kichwa. Watu wote wale walikuwa wamevua paa zao kwa sababu ya sauti yangu. Niliogopa sana, na wakati huo huo nilijivuna jinsi ambavyo sikuwahi kujivuna, hata siku nilipoolewa. Kila dakika nilitazama juu. Anga lilikuwa safi, na Jumapili likawa safi zaidi. Jioni, turubai la mwisho lilifungwa.

Jumatatu mchana mvua ikashuka kwa hasira, barabara zikageuka mito. Nilikuwa kazini. Simu ikalia, alikuwa yule mama wa kambi, ameazima simu ya jirani. Hakunisalimu. Alisema tu nisikilize, akainyanyua simu, nami kwa muda mrefu nikasikia maji yakipiga turubai kwa nguvu zote. Kisha sauti yake ikarudi, chini chini, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

"Mutoto analala," akasema. "Tuko bakavu."